Kamba ya Kukatika

Bunia, Ngezi, tarehe 14 janvier 1979

Yaya Lucienne,

Kitu nitakuandikia hapa, dada yangu wa darasani, sijaambia mutu hata mumoja, hata mama, hata padri kwenye confession, kwa sababu sijui kama ni zambi. Ninaogopa Citoyen, ule mutoto wa farasi wetu.

Unamukumbuka. Weye ndiye ulimupatia lile jina siku ulikuja kutuaga kurudi kwenu Kasenyi, alipokuwa hajamaliza hata wiki tangu kuzaliwa. Ulisema: «Angalia anavyosimama, miguu minne imenyooka, kama citoyen, mwananchi mbele ya bendera.» Sasa amenenepa kidogo, lakini iko mufupi vilevile. Ni ukoo wao. Mama yake amekomaa na bado ananifikia kiunoni tu, watu wakipita wanauliza kama ni mbuzi ya Ulaya.

Hapa nyumbani wote wanajua kinyume cha ile ninakuambia. Papa anaambia wageni: «Huyu musichana yangu haongee na watu, lakini farasi anamusikia.» Ni uongo, Yaya. Papa akichungulia dirishani, ninasimama karibu ya Citoyen na kunyoosha mukono nyuma ya shingo yake, hewani, bila kumugusa. Kutoka dirishani inaonekana kama ninamupapasa. Nikisikia dirisha inafungwa, ninarudisha mukono mufukoni.

Si meno yake naogopa. Ni ngozi yake, ile inavyotetemeka kabla mukono haujafika. Ile kutetemeka ninaijua. Ni mimi mwenyewe darasani, mwalimu akizungusha macho kutafuta nani asimame kusoma.

Mwezi wa décembre kaka yangu Edouard alimufunga kamba ya shingo na kitanzi, kama vile tunafunga mbuzi wa kupeleka soko. Mbuzi anavuta, anakohoa, anafuata. Citoyen alivuta, akakohoa, akavuta zaidi, mpaka akaanguka na ulimi nje. Tangu ile siku akiona kamba, hata ya kuanika nguo, anatoa macho meupe na kukimbilia nyuma ya mama yake.

Kuko ile kamba ya kichwa ya mama yake, ya ngozi, ambayo Mugiriki wa kahawa alituachia pamoja naye alipofunga shamba na kurudi kwao. Mugiriki alikuwa anaiita licol. Haina chuma ya kuingia mudomoni. Inazunguka pua, inapanda mashavuni, inapita nyuma ya masikio, basi. Tuliijaribu kwa Citoyen. Ni kusema Edouard aliijaribu, mimi nilishika ndoo. Ilimushukia mpaka machoni kama kofia ya papa kwa kichwa ya mutoto. Na ngozi yenyewe imekauka sawa ubao.

Sasa shida ni hii. Muchinjaji mumoja alipita hapa, akamuangalia Citoyen namna mutu anaangalia koti ya mitumba. Papa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Halafu akakuja Evariste, mupiga picha wa Mbunya. Anataka mutoto wa farasi asimame karibu ya watoto wa première communion, komunyo ya kwanza, wapigwe picha pamoja. Lakini anataka mwenye kufuata kamba na kutulia. Papa akakata maneno mpaka Pasaka: «Kwa Pâques, kama anafuata kamba, anabaki hapa na atafanya kazi na Evariste. Kama hafuate, nitaita ule muchinjaji.» Akaniangalia. «Kaswera atamufundisha. Wanasikilizana.»

Na mimi, na mukono wangu wa hewani, nikajibu: «Ndiyo, papa.»

Papa yako Étienne anajua kufunga nyavu za samaki kuliko watu wote wa Kasenyi, huko ziwani. Umuombe atufungie kamba ya kichwa, ndogo. Vipimo nimepima kwa macho: urefu wa kichwa ni kutoka kiwiko changu mpaka kwa kidole.

Barua hii inashuka na Mama Godelive na mabeseni yake ya samaki, matupu. Nimeiandika ndani ya kitabu ya géographie. Kila mara mutu anapita mulangoni ninafunga kitabu, ndiyo maana wino imechafuka.

Mudogo wako,
Kaswera


Kasenyi, 28 janvier 1979

Kaswera mudogo wangu,

Nilicheka ule mukono wa hewani mpaka mama akauliza kama nina homa. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikuona kabisa, na shingo yako imeingia ndani ya mabega, kama siku ile sœur alikuambia uimbe peke yako.

Nilimusomea papa barua, ile sehemu ya vipimo tu, usiogope. Akasema: «Umuandikie huyo mutoto: mimi sifungie mutu kitu cha macho. Alete uzi wa kupimia.» Basi, huna njia. Utamugusa.

Lakini usianze na uso. Mutu usiyemujua akija kukushika pua, utamufanya nini? Kwa bibi yangu, kule Mahagi, kuko ng'ombe. Ndama akiwa muoga, bibi anaketi karibu yake na kumupa mugongo. Anachambua maharagi yake, anaongea peke yake. Ndama anachoka kuogopa, anakuja kunusa kitambaa ya kichwa. Siku ya kwanza bibi hamuguse. Siku ingine anamugusa begani, na nyuma ya mukono, si na vidole. Vidole vinashika. Nyuma ya mukono haiwezi kushika kitu, na ndama anaijua. Bega, halafu shingo, halafu shavu. Siku atakuachia shavu, zungusha uzi na ufunge fundo pale inakutana. Papa anataka vipimo vya kuzunguka pua, kutoka puani mpaka nyuma ya sikio, na kuzunguka koo. Puani acha nafasi ya vidole viwili, ili aweze kutafuna.

Utauliza nitarudi lini lycée, shuleni. Papa iko na kazi mingi, wavuvi wote wanataka nyavu wakati mumoja, anahitaji mutu wa kumuingizia uzi kwa sindano. Nitarudi. Usiache mutu aikalie nafasi yangu kwa banc yetu ya darasani, hata Marcelline mwenzetu na kilio yake.

Na ile sehemu ingine ya barua yako sikusomea mutu.

Lucienne


Bunia, Ngezi, tarehe 14 février 1979

Yaya Lucienne,

Uzi iko ndani ya bahasha hii. Uwe mupole nayo, ni kama mutihani yangu.

Sikuwa na maharagi ya kuchambua, mama aliyaweka yote kwa moto. Nikachukua récitation ya Kifaransa, lile shairi la kukariri ninashindwaga mbele ya darasa. Nikaketi kwa jiwe, mugongo kwake, nikasoma kwa sauti. Siku ya kwanza hakukuja. Siku ya pili nilisikia miguu yake, inakuja, inarudi. Nikafika mwisho wa récitation bila kukosea, Yaya, na sauti yangu yote, na mutu wa kunisikia hakuna isipokuwa yeye. Kifaransa ikaisha nikaendelea kwa Kiswahili: nikamuambia ya Edouard na deni yake ya mapera, nikamuambia ya muchinjaji, kwa sababu ni haki yake kujua. Halafu kitu cha moto kikanipulizia shingoni.

Sikugeuka. Nilitetemeka, na yeye alitetemeka, tulitetemeka pamoja mpaka siye wote wawili tukachoka.

Bega lake ni la mavumbi na chini ya mavumbi ni laini kama mahindi changa. Shavu alinipa juzi. Papa alikuwa dirishani na mimi sikujua. Nilijua tu kwa sababu dirisha ilifungwa polepole, si kama siku zote.

Fundo la kwanza kwa uzi ni pua, na vidole viwili ndani. La pili ni kupanda mpaka nyuma ya sikio. La mwisho ni koo. Muambie Papa Étienne kwamba hapa hakuna hata kidogo ya macho.

Kaswera


Kasenyi, 2 mars 1979

Mudogo wangu,

Kamba hii hapa! Mama Godelive ameifunga kwa majani juu ya samaki ya chumvi, uioshe.

Ni nylon ya bleu, ile inatoka ng'ambo kwa mashua ya Uganda. Papa alichagua mwenyewe. Wavuvi wanaitumia kuvuta pirogue, mutumbwi wenye kujaa. Mafundo yote ni ya wavu, hakuna linaloteleza, kwa hiyo haiwezi kumunyonga kama ile ya Edouard. Tumeivuta na wanaume wawili, mumoja huku, mumoja kule. Haikusikia kitu. Papa anasema: «Citoyen atazeeka, hii kamba itabaki.» Ameionyesha kwa pwani yote. Kuko mutu hapa ambaye hajawahi kuona farasi na anakupa maoni juu ya pua yake.

Sasa sikiliza namna ya kuitumia, papa amekazania. Wavu mupya ni mugumu. Siye tunaulaza majini usiku na mchana mpaka uzoee maji na maji yauzoee. Fanya vile. Muvalishe Citoyen na usimutoe. Alale nayo, ale nayo. Wiki ikipita ataisahau, na utamufunga kamba ya kumuongoza kana kwamba alizaliwa nayo.

Kwa Pâques nitapanda Bunia nimuone. Uandike haraka. Papa anauliza kila jioni.

Lucienne


Bunia, tarehe 14 mars 1979

Chère Lucienne,

Asante sana kwa kamba. Ilifika vizuri. Ilimufaa Citoyen. Umupe Papa Étienne salamu na shukrani za familia yetu yote.

Hapa wazazi ni salama. Masomo inaendelea. Mvua imeanza.

Ulisema utapanda Bunia kwa Pâques. Nafikiri usijisumbue, barabara ya kupanda itakuwa mubaya.

Kaswera


Kasenyi, 20 mars 1979

Kaswera,

Hii ni barua ya nani? Ya directeur wa shule? «Masomo inaendelea.» Niliigeuza nyuma kuangalia kama kuko muhuri.

Nilimusomea papa, ikaisha kabla hajaketi vizuri. Akauliza: «Ni ile tu?» Nikatunga mengine. Nikasema umeandika kwamba Citoyen anakufuata mpaka kisimani na majirani wanapiga makofi. Papa alitabasamu. Sasa niko na uongo wa kulisha kila jioni, na ni weye umenipa.

Halafu Mama Godelive akanipasulia ukweli. Amepita kwenu, akamuona Citoyen na kitambaa kichwani kama mama aliyezaa, na kamba ya bleu haiko. Alikuuliza, ukaingia ndani.

Kama hupendi bleu, sema. Kama watu wa Ngezi wamecheka kwamba ni kitu ya wavuvi, sema. Unanikataza kuja Pâques: unaona haya ya mutu mwenye kunuka samaki? Zamani ulikuwa ukikalia banc moja na mimi.

Na kama ni mubaya, usimulaumu papa. Nitakuambia na weye uichome hii karatasi. Hakuifunga papa. Ni mimi. Tangu mwaka jana macho yake imeingia ukungu. Fundo kubwa anafunga kwa vidole, fundo ndogo hawezi tena. Ninafunga mimi, ndani ya nyumba, mulango umefungwa, na yeye anaketi nje na kuwapa wavuvi kana kwamba imetoka mukononi mwake. Wakijua watapeleka kazi kwa mwingine. Ndiyo maana sikurudi lycée. Si kuingiza uzi kwa sindano.

Ile kamba ilikuwa kitu cha kwanza nilifunga ambacho papa hakunirudishia na kusema «tena». Kwa hiyo uniambie ukweli.

Lucienne


Bunia, Ngezi, tarehe 25 mars 1979

Yaya, Yaya yangu,

Sikuona haya yako hata siku moja. Niliona haya yangu.

Nilimuvalisha siku ileile. Alisimama, akatikisa kichwa mara moja, akaniachia. Bleu ilimupendeza. Nilimuacha nayo kama ulivyosema, akala nayo, akalala nayo. Nilikuwa mwenye furaha mpaka nikajibu swali darasani bila kuitwa.

Halafu asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, nikasikia mama yake analia kwa sauti sijawahi kuisikia. Yaya, weye na mimi hatukujua kitu kimoja: mutoto wa farasi anakuna sikio na mguu wa nyuma. Kama mbwa. Alipokuna, ukwato uliingia chini ya kamba shavuni na haukutoka. Alikuwa chini, amekunjwa, kichwa imevutwa na mguu wake mwenyewe, na kila alipopiga teke alijipinda shingo kidogo zaidi. Na kamba yako haikukatika. Wanaume wawili hawakuiweza, angeiweza namna gani?

Mama alileta kisu ya mihogo. Nikasikia mutu anaongea kwa sauti, récitation kutoka mwanzo. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimelalia shingo yake, shavu langu juu ya shavu lake, ninakata. Ile nylon ilikataa, ikakataa. Hakuna kuogopa kulibaki ndani yangu, hakukuwa na nafasi.

Anaishi. Hakuvunjika. Iko na kidonda puani na kingine nyuma ya sikio, ndiyo kitambaa Mama Godelive aliona. Papa alisimama juu yetu, akaangalia damu kwa nguo yangu ya shule. Akasema polepole: «Imetosha, Kaswera. Baada ya Pâques nitaita ule muchinjaji.»

Papa yako alikuwa anauliza kila jioni. Ningeandika namna gani? «Papa Étienne, kamba yako ilikaribia kumuua?» Nikaandika barua ya directeur. Nilifikiri ninakulinda, na nilikufanya ulishe uongo.

Mafundo yako hayakukosa kitu. Hakuna hata moja liliteleza. Kosa ni kwamba haikukatika. Nimefikiri sana juu ya ile ngozi kavu ya Mugiriki: mwenyewe alikuwa na nylon kwa stoo, mingi, ya kufunga magunia. Na farasi alimuvalisha ngozi. Lazima alijua kwamba ngozi inakatika.

Yaya, munaweza kufunga kamba yenye nguvu ya kumuongoza na yenye kukatika siku mbaya? Evariste anakuja lundi, jumatatu ya Pâques. Citoyen bado ananipa shavu, hata sasa, na kidonda. Ananipa, na mimi sina kitu cha kumuvalisha.

Karatasi yako sijaichoma. Iko ndani ya géographie, kwa ukurasa wa Océanie, hakuna mutu anafikaga pale.

Kaswera


Kasenyi, 6 avril 1979

Mudogo wangu,

Nililia, basi, tuache ile.

Nilimuambia papa yote. Aliweka uzi chini. Halafu: «Anakuna na mguu?» Nikasema ndiyo. «Kama mbwa?» Ndiyo, papa. «Na hakuna mutu alituambia.» Akapiga goti lake na ngumi.

Lakini nilipomuambia unataka kamba ya kukatika, aliruka kama nimemutukana. «Mimi? Étienne? Nifunge kitu ili kikatike? Watu wa pwani watasema nimezeeka!» Nikamuambia: «Papa, umezeeka. Na si weye utafunga, ni mimi.» Mama akatoka nje, akidai anaangalia moto.

Nikaanza peke yangu. Nikatoa nyavu za zamani chini ya kitanda, za uzi wa pamba, za kabla nylon haijafika. Zimelala ziwani mpaka zimekuwa laini kama kitambaa ya mutoto. Nikasuka bapa, si ya kuviringa, ili isimukate pua tena. Papa alikuwa anajifanya hasikie. Kufika pa shavu, nikaweka uzi mumoja mwembamba. Akanyoosha mukono: «Lete.» Akaigusa, akavuta. «Hii itakatika hata akipiga chafya. Na ukiweka miwili haitakatika kabisa. Uzi unadanganya. Tafuta ngozi.» Kanisani kuko ngoma ilitoboka, katekista alitupatia kipande. Tukakata utepe, papa akauonja kwa vidole kama mutu anaonja unga: «Punguza. Punguza tena. Acha.»

Kuijaribu tuliitundika kwa boriti na Bibiane, mudogo wangu wa mwisho, akaninginia. Alipotulia, ikamubeba. Alipopiga teke, tap! ikakatika, akaanguka juu ya nyavu. Akasema: «Tena!» Tumemaliza nusu ya ngoma kwa sababu ya Bibiane. Ndani ya bahasha kuko tepe tatu za kubadilisha. Na kila siku umuvalishe, umufundishe, umuvue. Asilale nayo hata siku moja. Papa anasema mambo ya wavu alisema mwanzo, uyasahau, yeye ni mutu wa samaki.

Ngoja, kuko ingine. Jana wavuvi walikuja kuchukua kazi, wakaona kamba kwa boriti. Mumoja akacheka: «Étienne, sasa unafunga vitu vya kukatika?» Papa akasema, na mulango wazi: «Ni ya Lucienne. Ya kwanza tulikosea siye wawili. Hii amefunga yeye.» Ule mutu akauliza: «Na wavu wangu wa mwaka jana, ni nani aliufunga?» Papa: «Ulikatika?» «Hapana.» «Basi chukua huu mwingine na uende.»

Akauchukua, Kaswera. Aliuchukua.

Lycée sitarudi mwaka huu, na kwa Pâques sitapanda, kazi ni mingi. Ninakuandikia sasa bila kukutungia. Marcelline aketi pale, lakini asifute jina langu nililochonga kwa meza.

Lucienne, mwenye kufunga nyavu


Bunia, Ngezi, tarehe 16 avril 1979, lundi ya Pâques

Yaya Lucienne,

Ninaandika nikiwa bado na mavumbi kwa magoti.

Tangu kamba ilifika nilimuvalisha kila siku nikitoka shule, nikamuvua kabla ya giza. Haikugusa kidonda. Nilimufunga kamba ya kumuongoza nikaenda mbele yake, mugongo kwake, nikiongea, naye akanifuata kwa sababu alitaka kusikia mwisho. Alhamisi tulifika mpaka kwa barabara.

Leo Evariste akaja na mashine yake ya miguu mitatu, na mutoto wa dada yake, Faida, na nguo nyeupe ya communion. Majirani wote walikuwa kwa lupango, ndani ya uwanja wetu. Papa alivaa koti. Nilimuleta Citoyen, akasimama karibu ya Faida kama siku ile ulimupatia jina. Papa akaniangalia, karibu atabasamu.

Halafu umeme wa picha ukapasuka, paa! Faida akapiga kelele. Citoyen akasimama na miguu ya nyuma, akavuta, na nikasikia ngozi: tap. Ikakatika mbele ya watu wote.

«Imekatika!» papa akasema. «Nilijua. Kamba ya kukatika mbele ya wageni!» Edouard akakimbia kutafuta ile kamba ya mbuzi. Citoyen alikuwa kwa kona ya lupango, macho meupe, kichwa tupu.

Yaya, nilijua kitu cha kufanya na sikutaka kukifanya, kwa sababu watu walikuwa pale. Nikamuambia Edouard: «Acha. Usimufuate.» Nikaketi chini kwa mavumbi, nikawapa wote mugongo, Citoyen naye pia, nikaanza récitation. Kwa sauti. Jirani mumoja akasema: «Eh! Anamufundisha Kifaransa!» Wakacheka. Nilifika pale nakosaga siku zote, na nikakosa, nikarudia, nikaendelea. Kicheko kikaisha kabla ya récitation. Halafu ule moto kwa shingo yangu. Akaweka kidevu begani pangu. Nikanyoosha mukono nyuma, na nyuma ya mukono nikamugusa shavu, na hakuna kamba kati yetu, hata uzi.

Evariste akaniambia kwa sauti ndogo: «Usitikisike, mama.» Akapiga bila umeme, na jua tu. Akamuambia papa: «Muzee, hii nitaiweka kwa dirisha ya studio. Jumapili inayokuja niko na watoto wa kupiga. Aje naye.»

Papa aliinama. Aliokota kamba yako, akaangalia pale ilikatika. «Mubaya,» akasema. Na mimi, mimi Kaswera, nikasema mbele ya majirani: «Papa, si mubaya. Tulitaka ikatike. Ile isiyokatika ilimutoa damu. Hii imekatika na yeye amerudi.»

Akaangalia mukono wangu. Halafu akasema kitu kingine kabisa. Akasema: «Leo mukono wako umemufika.»

Umeelewa? Kutoka dirishani alikuwa anaona. Siku zote alikuwa anaona ile hewa.

Akaenda nyuma ya nyumba na kamba mukononi, na mpaka sasa sijui atasema nini. Muchinjaji ameambiwa apite kesho. Nimekaa chumbani ninakuandikia ili nisisikilize.

Muambie Papa Étienne kwamba ilikatika vizuri.

Kaswera

P.S. Viatu vya papa viko kwa veranda. Ninavijua, cha kushoto kinalia. Kitabu ya géographie iko hapa karibu, imefunguka kwa Océanie, ninaiangalia na siichukue. Amesimama kwa mulango. Anapiga hodi, papa, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anasema: «Kaswera, nimekata mukaba wangu wa zamani, ule wa ngozi. Toka uangalie. Iko nyembamba ya kutosha kukatika, ao nipunguze tena?»

Karatasi iko wazi mezani. Ninaenda kumufungulia.